Mkono Uliofunga Tangi: Tunamuaga Mama Makopo wa Chumba cha Rangi

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa nane mchana, Mama Makopo wa chumba cha rangi anastaafu baada ya kuitumikia studio yetu ya katuni kwa miaka thelathini na miwili na miezi minne. Ametimiza miaka sitini. Katika muda wote huo amekosa kazini siku kumi na moja: tisa za msiba wa mama yake, na mbili za jino.

Ofisi ilikuwa imeshaandaa ukurasa wa kumuaga. Niliusoma. Ulikuwa na mistari minane, ukisema kwamba Mama Makopo ni mtu mpole, mvumilivu, asiyependa makuu, ambaye alifanya kazi yake kimya kimya. Nimefagia chumba chake kwa miaka kumi na tisa na huyo mtu sijawahi kumwona. Mama Makopo si mpole. Ukimkanyagia karatasi, atakupa maneno ya kwenda nayo nyumbani. Wala hakufanya kazi kimya kimya. Alifanya kazi akigombana na brashi, na taa, na waongozaji, na aliyekuwa hana kosa alipewa lake akae nalo akiba. Kumwita mpole leo ni kumfuta.

Hapa kwetu kuna desturi kwamba anayestaafu huchagua mwenyewe nani aandike habari zake katika kitabu cha sherehe. Waliomtangulia walichagua wakuu wa idara. Yeye alinichagua mimi, mfagiaji. Ofisi ilimuuliza mara tatu kama hakukosea kujaza fomu. Mara ya tatu aliomba aletewe fomu nyingine ili ajaze kwa herufi kubwa.

Shule niliishia darasa la sita, na haya ninayaandika kwenye chumba cha mifagio baada ya zamu. Palipopinda, msomaji atanisamehe. Lakini asinisamehe nikiandika uongo, kwa sababu uongo mmoja umeshachapishwa katika jarida letu wenyewe, na lazima unyooshwe kabla mama huyu hajatoka getini.

Nianze na kazi yake, maana ndiyo kubwa.

Alikuja hapa studio ikiwa bado ni vyumba viwili juu ya duka la matairi. Aliajiriwa kuosha brashi. Wakati ule katuni zilipakwa rangi kwa mkono, picha moja moja, juu ya karatasi za plastiki zinazopitisha mwanga, na mtu mmoja kupunga mkono kwa sekunde moja ilikuwa kazi ya watu watatu kutwa nzima. Siku moja aliyekuwa akipaka rangi alikwenda kula mchana na hakurudi tena. Muosha brashi akakaa kwenye kile kiti na kulimalizia gauni la bibi harusi lililokuwa limeachwa nusu. Mwongozaji alipoziona picha hakuweza kusema mkono wa kwanza uliishia wapi na wa pili ukaanzia wapi. Tangu siku hiyo mpaka mwaka jana Mama Makopo hakunyanyuka kwenye kiti kile, isipokuwa mwaka wa kumi na nne, kiti chenyewe kilipovunjika.

Jina lake limetokana na makopo ya jamu anayohifadhia rangi. Kila kopo lina namba. Leo anapoondoka yamefika mia sita na kumi na mawili, na namba zote zimo katika daftari lenye jalada la kijani. Kila mtu wa katuni ana namba zake: ngozi akiwa juani, ngozi akiwa kivulini, nguo, viatu, hata ulimi. Huwezi kuchukua kivuli cha mtu mmoja ukampa mwingine. Na kila rangi mpya ilikaguliwa dirishani saa nne kamili asubuhi, si kabla wala si baada, kwa sababu yeye alisema hiyo ndiyo saa ambayo jua halimpendelei mtu. Wakuu wamekaa na wageni wao kwenye korido wakisubiri saa nne ifike. Kuna wiki moja ya mvua walisubiri siku tatu.

Kompyuta zilipoingia, ilitoka amri kwamba makopo yatupwe. Niliyeagizwa kuyatupa ni mimi, na ilikuwa wiki yangu ya pili kazini. Nilifika mlangoni na toroli. Alinitazama mimi, akalitazama toroli, kisha akaniambia niendelee, ila kwa kila kopo nitakalolitoa nimletee kwanza maandishi ya fundi wa kompyuta kwamba rangi hiyo anayo kwenye mashine yake na inalingana dirishani saa nne. Niliupeleka ujumbe jinsi nilivyoupokea. Mafundi walicheka. Wakaja na kompyuta yao mpaka dirishani kulinganisha, na hawakucheka tena. Kazi ile iliwachukua mwaka na nusu, na rangi zote nzuri mnazoziona leo kwenye mashine zilitoka kwenye makopo ya jamu. Hakuna kopo hata moja lililotupwa. Toroli langu hakunirudishia. Ndilo analowekea mkoba wake mpaka leo.

Hata baada ya hapo hakuacha kupaka kwa mkono. Picha yoyote kubwa ya kipindi, ile ambayo kila kitu kinaitegemea, aliipaka kwanza yeye kwenye karatasi ya plastiki, akaitundika dirishani, ndipo mafundi wakaifuata. Karatasi hizo ndizo mashahidi wa kazi yetu. Nawaomba mlikumbuke neno hilo, mashahidi, maana nitalirudia.

Sasa kwa ndugu zake na wageni watakaosoma kitabu hiki: katuni yetu kubwa inaitwa Majirani wa Ngazi. Ni kichekesho cha jengo moja refu ambalo lifti yake haijawahi kufanya kazi, na vituko vyote hutokea watu wakipishana ngazini. Yumo Mwenye Nyumba, bahili wa kupindukia. Yumo Bibi Maua wa ghorofa ya tatu, anayependwa na kila mtu, ambaye baraza lake limejaa maua kiasi kwamba hana pa kukaa. Na yumo mfagiaji.

Huyo mfagiaji mwanzoni alikuwa kivuli tu kinachopita na ufagio. Wachoraji hawakumpa uso, kwani walikuwa na haraka. Mama Makopo aligoma kumpaka. Alisema hawezi kutafuta namba ya ngozi ya mtu asiye na pa kuiweka. Wakamchora uso. Kisha akaja mpaka nilipokuwa nimeinama na beleshi la taka, akasimama akiutazama mkono wangu wa kulia. Kabla ya kuja hapa nilikuwa kiwanda cha mbao, na msumeno ulichukua kidole changu cha mwisho. Aliniuliza kama ningekubali mfagiaji wa katuni awe na mkono kama wangu. Sikuwahi kuombwa kitu na mtu wa studio hii kabla ya siku hiyo, nilikuwa naagizwa.

Watu wa katuni, kama mjuavyo, huchorwa na vidole vinne kila mkono ili kupunguza kazi. Mfagiaji akachorwa na vitatu mkono wa kulia. Nilimwambia Mama Makopo kwamba huko kila mtu kapunguzwa kimoja na mimi nimepunguzwa viwili, kwa hiyo hata kwenye katuni anayekatwa zaidi ni mfanyakazi. Alicheka mpaka akamwaga kopo namba tisini, halafu akanigombeza mimi kwa kulimwaga.

Kwetu ni mbali, safari ya siku tatu, nami huenda huko mara moja kwa mwaka. Binti yangu amekua akinijua kwa katuni kuliko kwa sura. Kila Jumamosi hukaa mbele ya televisheni ya shangazi yake kumsubiri mfagiaji apite, na akipita huwaambia wenzake yule ni baba, tazameni mkono. Nalisema hili kwa sababu bila kulijua hamtaelewa ubaya wa lililofanyika.

Mwaka jana waandishi wa hadithi waliamua kumaliza msimu kwa fumbo. Mnaikumbuka sehemu ile. Mwenye Nyumba amefunga maji jengo zima ili kubana matumizi. Wapangaji wote wamemkasirikia, na kila mmoja anatoa kitisho chake ngazini. Jioni anapanda juu ya paa kukagua tangi, anaingia ndani kutazama kama kuna mtu aliyeiba hata tone. Ndipo unatokea mkono, mkono wa kulia, kivulini, unashika kifuniko, unakifunga na kusukuma komeo. Mkono unaonekana kwa sekunde moja na nusu. Taa zinazimika, muziki unapiga, kipindi kimeisha. Kilichochekesha ni kwamba tangi lenyewe lilikuwa kavu, kwa hiyo amefungiwa salama kabisa ndani ya ubahili wake mwenyewe. Lakini nani amemfungia? Majibu baada ya miezi minne.

Jibu walilijua watu sita tu, na mmoja wao alikuwa Mama Makopo, kwa kuwa mkono ulio kivulini lazima upewe namba ya mwenyewe. Mimi huwa nasoma hadithi zote kwenye ndoo za taka kabla hazijafika kwenye televisheni, lakini hii mwandishi aliichana vipande vidogo kama punje za mchele. Nilimsumbua Mama Makopo wiki mbili nzima. Nilipoona haongei nikafanya ujanja: nikawa natazama ni kopo gani limefunguliwa. Kesho yake nilikuta amefungua makopo thelathini na kuyaacha wazi yote, naye amekaa katikati anakunywa chai.

Sehemu ile ilipotoka, watu hawakuzungumza jambo jingine. Muuza magazeti wa hapo nje aliacha kunipa magazeti ya jana bure mpaka nimtajie mhalifu. Mwenye nyumba wangu mimi alinisimamisha mlangoni akitaka kujua kama yule bahili alichorwa kwa kumtazama yeye. Nikamwambia hapana, yule ana nywele.

Nilipokuwa bado sijui, niliingia kufuta madirisha ya ofisi ya Meneja wa Vipindi. Ilikuwa miezi miwili kabla ya sehemu ya pili. Walikuwamo yeye, mwongozaji na Mama Makopo aliyekuwa ameitwa. Mimi nilikuwa dirishani na kitambaa, umbali wa hatua mbili. Hivyo ndivyo nilivyolipata jibu nililolitafuta wiki mbili. Aliyefunga tangi ni Bibi Maua, kwa sababu maua yake yalikauka.

Nililipata pamoja na habari kwamba litabadilishwa. Kampuni moja ya biskuti ilitaka kuweka uso wa Bibi Maua kwenye maboksi yake, na Meneja aliona biskuti na uhalifu havikai boksi moja. Kwa hiyo mhalifu atakuwa mfagiaji. Sehemu ya kwanza itarudiwa kuonyeshwa wiki moja kabla ya sehemu ya pili, na katika marudio hayo mkono utapakwa upya kwa namba ya mfagiaji, ili watu wakija kusema tulidanganya, waambiwe watazame vizuri. Kazi ya kuupaka ni ya Mama Makopo, na ana wiki mbili.

Mwongozaji aliuliza kwa nini mfagiaji, kwani hata sababu ya kumfunga mtu tangini hana, yeye hakosi maji, anachota bomba la nje. Nilisikia jibu la Meneja kwa masikio yangu, nimeshika kitambaa kwenye kioo chake.

"Watu hawatamlilia. Yule hana mtu."

Hakugeuka kunitazama. Sidhani kama alikuwa ananificha. Nadhani hakuona kama kuna mtu wa kufichwa. Mama Makopo alinitazama. Kisha akazungumza, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakupandisha sauti.

"Mkono ule nimeupaka mimi na una mwenyewe. Mwenyewe si mfagiaji. Watazamaji tumeshawapa, na kitu ukishampa mtu huendi kukichukua amelala."

Alikataa kupaka. Aliambiwa atapewa barua, akasema ataisoma. Barua ilifika kabla ya saa za kazi kwisha. Mwanamke wa miaka thelathini na moja kazini wakati ule, aliyezifundisha kompyuta zenu kutofautisha alfajiri na machweo, alihamishiwa stoo kuhesabu vikasha vya kalamu. Aliambiwa akabidhi daftari la kijani, akalikabidhi. Karatasi ya plastiki ya mkono, yule shahidi niliyewaomba mumkumbuke, ile aliyoipaka kwa mkono wake na kuitundika dirishani, ilichukuliwa ikafungiwa kabati la Meneja kama mali ya kampuni.

Stoo haina dirisha. Nataka hilo liandikwe. Mtu aliyekagua rangi kwa jua la saa nne miaka yote hiyo alipelekwa mahali ambapo saa nne na saa kumi ni kitu kimoja.

Kazi ya mkono walipewa mafundi wawili wa kompyuta. Siwalaumu, walifanya walichoagizwa. Walifungua daftari, wakaona ngozi ya Bibi Maua kivulini ni namba arobaini na moja, wakaona ya mfagiaji ni sabini na saba, wakabadilisha moja kwa nyingine. Kazi safi. Rangi ilikuwa sahihi kabisa, huwezi kuona mshono. Hawakumuuliza Mama Makopo neno, kwa sababu walikuwa na daftari, na daftari linaandika rangi tu.

Wiki ile ya marudio sikula vizuri. Nilijua Jumamosi binti yangu atakaa kwa shangazi yake na wenzake wote, na safari hii watakapotazama mkono atakuwa na la kuulizwa. Mtoto hawezi kuwaeleza wenzake habari za biskuti. Nilifikiria kumpigia mapema nimwambie asitazame, nikashindwa nitamwambia sababu gani. Kipindi kikatoka. Nikakaa na simu mkononi kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Ilipoita, hakunisalimia.

"Baba, wenzangu wamesema ni wewe. Si wewe. Ule mkono una vidole vinne, nimehesabu."

Nilimwambia ahesabu tena. Alisema ameshahesabu yeye, na shangazi, na jirani. Vinne.

Wakuu wa studio nzima, wenye madigrii ukutani, walikuwa wamembambikia mfagiaji kosa na kumpa kidole ambacho hana.

Jumatatu barua zikaanza kuja. Mimi ndiye ninayezibeba kutoka getini, na siku ya tatu nilizibeba kwa toroli la kuazima. Iliyonishika zaidi ilitoka kwa wanawake kumi na wanne wa kiwanda kimoja cha mbao, wameitia sahihi wote. Waliandika kwamba wao vidole huhesabiana kila wanapofunga kazi, kwa hiyo jicho lao limezoea, na mfagiaji wa Majirani wa Ngazi wanamfahamu tangu siku ya kwanza kwamba ana vitatu mkono wa kulia. Wakamwomba yeyote aliyeuchezea ule mkono aurudishe ulivyokuwa, maana yule ndiye mtu pekee kwenye televisheni anayefanana na wao. Hilo ndilo jibu la neno nililolisikia nikifuta kioo. Hana mtu, alisema. Ana watu wa kutosha kujaza toroli.

Kulikuwa na kikao. Mmoja alipendekeza kidole kimoja kikatwe haraka katika marudio ya marudio. Mwongozaji akasema watu wameshaona mikono miwili, wakioneshwa wa tatu watacheka kwa sababu isiyokuwa yetu. Basi mkono ukarudishwa kwa namba arobaini na moja, sehemu ya pili ikatoka kama ilivyoandikwa, na Bibi Maua akakiri ngazini huku amekumbatia chungu chenye ua lililokauka. Watu walimpenda zaidi. Kampuni ya biskuti ikamweka kwenye boksi hivyo hivyo, ameshika kifuniko cha tangi.

Nilishuka stoo kumpelekea habari. Nilimuuliza kama tangu mwanzo, siku ile ofisini, alijua kwamba vidole havitalingana. Alimaliza kwanza kuhesabu kikasha alichokishika, akaandika idadi.

"Sikuulizwa," akasema.

Ndipo likaja jarida la studio la mwezi uliofuata, na hapa ndipo damu yangu inapochemka mpaka leo. Ukurasa wa kwanza, picha ya Meneja anatabasamu, na maneno kwamba kile kidole kilikuwa mtego uliopangwa na uongozi kwa makusudi, kupima umakini wa watazamaji, na kwamba ubunifu huo umeiletea studio sifa kubwa. Mtego. Uliopangwa. Mtu aliyekataa aliachwa stoo akihesabu kalamu, na walioagiza wakajipongeza kwa kukamatwa. Hakuna aliyemwambia rudi juu. Hakuna aliyemwambia samahani, neno ambalo halihitaji kikao. Amemalizia miezi yake chini kule, na kila asubuhi saa nne alipanda ngazi, akasimama kwenye dirisha la korido dakika tano, akashuka. Tulipishana hapo kila siku. Sikuwahi kumwona analalamika kwa mtu. Alikuwa anagombana na jua tu, kwamba limechelewa.

Kwa hiyo wanaposema mvumilivu, nakataa. Mvumilivu ni yule anayeachia. Huyu hakuachia.

Yako mengine mema ya kusemwa, na nisipoyasema nitakuwa sikumtendea haki. Ameacha wapaka rangi tisa aliowafundisha, na wote wakikasirika wanakunja midomo kama yeye. Amepaka vipindi mia nne na sabini. Alikataa mara mbili kuwa mkuu wa idara kwa sababu chumba cha mkuu wa idara kinatazama ukuta. Na kila mwisho wa msimu aliomba mfagiaji apewe walau kipindi kimoja ambacho anaongea. Msimu huu wamempa, na ameongea sentensi nne.

Zawadi ya kustaafu mwaka huu ni saa ya ukutani. Nimeiona ndani ya boksi lake mezani pa mapokezi, ni saa nzuri. Lakini mtu aliyekuwa saa ya jengo hili kwa miaka thelathini na miwili hahitaji nyingine. Sisi wa chini, wafagiaji, walinzi, wapishi wa kantini, pamoja na wale wapaka rangi tisa, tunaomba kitu kimoja. Karatasi ya mkono itoke kabatini, apewe mwenyewe aliyeipaka, Ijumaa, mbele ya watu.

Iko rafu ya pili, ndani ya bahasha ya kahawia. Ninajua kwa sababu ninapangusa vumbi humo. Funguo za vyumba vyote vya jengo hili ninazo mimi kiunoni, na wa kabati lile umo. Ningeweza kuichukua siku yoyote nikamfungia kwenye gazeti, na yeye mwenyewe aliponisikia nikilitaja alinigombeza vibaya. Sikuigusa. Karatasi ile ikipotea, wataanza kumtafuta aliyeichukua, na sote tunajua watamchagua nani. Safari hii wangepatia hata vidole.

Itoke kwa mkono wa aliyeifungia. Huo ndio utakuwa mkono wa tatu katika fumbo hili, na sisi tutakuwa tumekaa viti vya mbele.

Mkataba wangu unaisha mwezi wa tatu, na ninajua ukurasa huu unaweza kuufanya usifike huko. Ninayebeba kurasa kutoka ofisini kwenda kwa mpiga chapa ni mimi, kwa hiyo mtausoma kama nilivyouandika, pamoja na makosa yake.

Mama Makopo, umetuambia unakwenda kukaa kwa mdogo wako, na kwamba nyumba yake ina dirisha kubwa upande wa mawio. Umemchagulia mwenyewe pazia, kisha ukaagiza lisifungwe. Asante kwa kila namba uliyotafuta ukakataa kubahatisha. Asante kwa kuniomba mkono wangu kabla ya kuuchora. Binti yangu anakusalimu. Ameuliza kama wewe ndiye uliyehesabu wa kwanza, nikamwambia ndiyo. Nenda ukapumzike kwa afya na amani, ugombane na watu wapya, na Jumatatu saa nne, jua likikufikia pale dirishani, ujue kuna mtu huku kwenye korido amesimama na ufagio, analitazama hilo hilo.